Mwanafunzi Katikati: Jambo Tulilolijaribu Mara Tatu

Kila mwaka, wanafunzi wetu wa ualimu wanapokwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, sisi wahadhiri hupanda mabasi kuwafuata. Mwaka juzi nilikaa nyuma ya darasa la kidato cha pili katika shule moja ya kata, fomu ya tathmini ikiwa mkononi. Darasani mlikuwa na wanafunzi 118. Mwalimu mwanafunzi, kijana mwenye bidii na andalio la somo lililoandikwa vizuri, aliwagawa katika makundi ya watu kumi na wawili kumi na wawili, akawapa swali, akawaambia wajadiliane. Katika kila kundi mmoja aliandika, wawili walimwangalia anavyoandika, waliobaki walisubiri. Baada ya dakika kumi wawakilishi walisoma majibu waliyoyanakili kutoka kitabu kimoja. Kwenye fomu yangu kulikuwa na kipengele cha ushirikishwaji wa wanafunzi. Nilimpa alama nne kati ya tano.

Tulipokaa nje kwa mrejesho, nilimwambia kwamba makundi yale hayakuwa yamejadili kitu. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema: "Dokta, naomba unisamehe. Sisi mbinu shirikishi tulifundishwa kwa mhadhara, tukiwa zaidi ya mia nne ukumbini, na mtihani ulitutaka tutaje sifa zake sita."

Aliyetoa mhadhara huo ni mimi. Aliyetunga mtihani huo ni mimi.

Nimeandika makala haya kwa sababu ya sentensi ile. Tangu Januari 2024 shule zetu zimeanza kutumia mtaala mpya, uliotokana na Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023. Katika semina nyingi nilizohudhuria, suala la kumweka mwanafunzi katikati ya ujifunzaji linazungumzwa kama jambo geni, lililoletwa na wataalamu na wafadhili, ambalo walimu wetu wanalikwamisha kwa kutolielewa. Kama mtu anayefundisha historia ya elimu, naona wajibu wa kusema kwamba maelezo hayo si sahihi. Jambo hili tumelijaribu katika ardhi hii, kwa fikra zetu wenyewe, walau mara tatu. Na katika mara zote tatu, uelewa wa mwalimu haukuwa sababu kubwa ya kukwama.

Jaribio la kwanza: Litowa

Mimi ni mzaliwa wa mkoa wa Ruvuma, lakini jina la Litowa sikulisikia shuleni hata siku moja. Nililikuta maktabani nikiwa tayari na shahada ya kwanza.

Karibu na uhuru, vijana wachache wa Umoja wa Vijana wa TANU, akiwemo Ntimbanjayo Millinga, waliingia porini wilayani Songea wakaanzisha kijiji cha Litowa. Walilima pamoja na kugawana mavuno. Mwaka 1963 vijiji vya namna hiyo vilijiunga katika chama cha maendeleo cha Ruvuma, kilichojulikana zaidi kwa kifupisho chake, RDA. Mshauri wao alikuwa Mwingereza aitwaye Ralph Ibbott. Kufikia mwishoni mwa muongo ule vijiji vilikuwa vimekaribia ishirini.

Vijiji hivi viliona mapema kwamba shule ya kawaida ingewaharibia kazi. Shule waliyoirithi kutoka kwa wakoloni ilikuwa mashine ya kuchuja: wachache wapite kwenda mjini, wengi warudi nyumbani wakijihesabu wameshindwa. Kwa hiyo Litowa wakajenga shule ya namna nyingine, mwalimu mkuu wake akiwa Suleman Toroka. Huko walimu na wanafunzi walifanya kazi pamoja, na maisha ya kijiji yalikuwa sehemu ya masomo. Watoto waliandaliwa kuwa wanakijiji wenye uwezo wa kupanga, kuhesabu, kusema na kuhoji. Toroka mwenyewe aliandika juu ya jaribio hilo mwaka 1968 katika Mbioni, jarida la Chuo cha Kivukoni.

Mwezi Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Alikuwa anaifahamu Litowa, na ni vigumu kuusoma waraka ule bila kuiona Litowa ndani yake. Wengi wetu tunaukumbuka waraka huo kwa sababu ya jembe. Ukiusoma tena kwa makini, utakuta kwamba jembe ni sehemu ndogo. Hoja yake kubwa ni kwamba elimu ya mkoloni ilimfundisha mtoto kutii na kupokea, na kwamba taifa huru linahitaji mtu mwenye akili ya kudadisi, anayejifunza kwa wenzake na kukataa au kukubali jambo kwa kulipima. Mwalimu alitaka shamba la shule liwe mahali ambapo wanafunzi wanashiriki kuamua kipandwe nini na mapato yatumikeje. Alitaka pia mtihani upunguziwe ukubwa, kwa sababu ulikuwa unapima uwezo wa kukumbuka na kuwasahau watoto wengi ambao hawangepata nafasi ya sekondari.

Kilichofuata kinafahamika kwa watu wa rika langu. Tulipoanza darasa la kwanza mwishoni mwa miaka ya 1980, neno "kujitegemea" lilikuwa kipindi cha mchana kwenye ratiba. Maana yake ilikuwa kuchota maji ya nyumba za walimu, kufyeka uwanja na kupalilia shamba ambalo mavuno yake hatukuyaona. Hakuna aliyetuuliza tupande nini. Aliyechelewa alichapwa. Tulibaki na jembe, na sehemu ya kuamua ikaondolewa.

Litowa yenyewe haikufika hata huko. Tarehe 24 Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU iliamua kuivunja RDA. Mali zake zilichukuliwa na walimu wa shule wakatawanywa kwenye shule nyingine nchini. Wanahistoria wanajadili sababu kwa undani, lakini kiini chake kinaeleweka. Vijiji vile vilizoea kuamua mambo yao wenyewe, na viongozi wa chama na serikali mkoani hawakupenda watu wanaowajibu. Mtu aliyelelewa kuuliza "kwa nini" shambani hataacha kuuliza "kwa nini" akikutana na mkuu wa mkoa. Serikali iliyokuwa imechapisha waraka wa kusifu akili ya kudadisi ilishindwa kuvumilia mahali palipokuwa na akili hiyo.

Jaribio la pili: darasa la watu milioni mbili

Bibi yangu mzaa baba hakuwahi kuingia shule. Nilipokuwa mdogo alikuwa na tabia iliyotuchosha sisi wajukuu: alitaka maji ya kunywa yachemshwe, na alikagua choo kila asubuhi kama mwalimu wa zamu. Nilipomuuliza alijifunzia wapi, alinijibu, "Kwenye redio, mjukuu wangu, tulikuwa na kikundi chetu." Ilinichukua miaka mingi kufahamu kwamba alikuwa anazungumzia kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973.

Kampeni ile ilistahili kufundishwa katika kila chuo cha ualimu. Watu wazima wapatao milioni 2 walikutana katika vikundi vidogo kwa muda wa wiki kumi na mbili. Kila wiki walisikiliza kipindi cha redio kwa Kiswahili, wakasoma au kusomewa sehemu ya kitabu kilichoandikwa kwa lugha rahisi, kisha wakajadili: malaria, kichocho, safura, kuhara, kifua kikuu. Makumi ya maelfu ya viongozi wa vikundi walipewa mafunzo mafupi, na msisitizo wa mafunzo hayo ulikuwa kwamba kiongozi si mwalimu. Kazi yake ilikuwa kuuliza, kuwapa nafasi wanyamavu, na mwisho kuwauliza wenzake: sasa sisi hapa kijijini tutafanya nini? Vyoo kwa mamia ya maelfu vilichimbwa.

Nimelitaja jaribio hili kwa makusudi, kwa sababu pingamizi ninalolisikia mara nyingi ni kwamba mbinu shirikishi ni anasa ya nchi tajiri. Mwaka 1973 nchi yetu ilikuwa maskini kuliko ilivyo leo. Bibi yangu hakuwa na projekta. Alikuwa na mambo manne: kikundi kidogo cha kutosha kila mtu asikike, lugha anayoimudu, swali linalohusu maisha yake, na uhuru wa kuamua baada ya mjadala. Hapakuwa na mtihani wa karatasi. Choo kilikuwa kimechimbwa au hakikuchimbwa.

Lakini mwaka huohuo wa 1973 kulitokea mambo mengine mawili, na mwanahistoria hana ruhusa ya kuyaruka.

La kwanza, mwezi Novemba ilitangazwa kwamba kuishi katika vijiji si hiari tena bali ni amri. Katika operesheni iliyofuata, mamilioni ya watu walihamishwa, wengine kwa nguvu. Watu walewale waliokuwa wameketi kwenye vikundi wakiulizwa "tutafanya nini" waliambiwa sasa wapakie vyombo. Bibi yangu alilisimulia hilo pia, kwa sauti ya chini zaidi. Mjadala uliruhusiwa ukiwa juu ya choo. Ulipohusu mahali pa kuishi, ulifungwa.

La pili halikuumiza mtu, na pengine ndiyo sababu halikumbukwi. Mwaka huohuo ilitungwa sheria iliyoanzisha Baraza la Mitihani la Tanzania. Ilikuwa ni hatua ya haki kabisa kwa taifa huru: tulikuwa tumekwisha kujitoa kwenye mitihani ya pamoja ya Afrika Mashariki, na tulihitaji chombo chetu. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilijaribu hata kuulegeza mtihani, kwa kutaka maendeleo ya kila siku na tabia ya mwanafunzi vihesabiwe pia. Hata hivyo, nafasi za sekondari zilibaki chache mno, na penye nafasi chache mtihani wa mwisho ndio unaotawala. Elimu ya Msingi kwa Wote ilipojaza madarasa kuanzia 1977, mlango wa kutokea ulibaki mwembamba vilevile. Mwalimu mwenye darasa lililofurika na mtihani mmoja mbele yake hufanya jambo ambalo mtu yeyote mwenye akili angefanya. Huandika nukuu ubaoni, watoto hunakili, kisha hukariri.

Jaribio la tatu: umahiri kwenye karatasi

Mwaka 2005 mtaala wa sekondari ulibadilishwa kutoka ule wa maudhui kwenda ule wa kujenga umahiri. Mtaala wa msingi nao ukafuata mwelekeo huo. Nilikuwa kijana wakati huo, na nakumbuka msisimko. Muhtasari mpya ulijaa maneno mazuri: mwalimu mwezeshaji, bangua bongo, matembezi ya galari, igizo dhima.

Fikiria ndugu msomaji hali ya nchi wakati huo. Ada ya shule za msingi ilikuwa imefutwa miaka michache kabla, chini ya mpango wa MMEM, na mamilioni ya watoto wakaingia. Mpango wa MMES ulianzishwa mwaka 2004, na shule za sekondari za kata zikachipua kila mahali. Ilikuwa ni ushindi mkubwa wa haki, na mimi siungi mkono hata kidogo wanaozibeza shule zile, kwa maana ndugu zangu wengi wasingesoma bila hizo. Lakini ndani yake mwalimu aliyesomeshwa haraka alikutana na darasa la watu mia, vitabu vichache, na lugha ya Kiingereza ambayo wanafunzi wake waliisikia kama lugha ya kufundishia kwa mara ya kwanza. Katika hali hiyo alikabidhiwa mtaala unaomtaka mwanafunzi azungumze.

Suala la lugha tunalikwepa mno. Mtoto hawezi kudadisi kwa lugha asiyoijua. Anaweza kunakili kwa lugha asiyoijua, anaweza kukariri kwa lugha asiyoijua, lakini hawezi kubisha. Darasa la kidato cha kwanza linalokaa kimya mbele ya swali la Kiingereza huitwa darasa la watoto wazito. Mwalimu yuleyule akiuliza swali lilelile kwa Kiswahili, mikono inanyooshwa. Kila msimamizi wa mazoezi ya kufundisha ameliona hili, na wengi wetu tumeandika kwenye fomu kwamba mwalimu amekosea kutumia Kiswahili.

Na mtihani? Mwaka 2012, miaka saba baada ya mageuzi, mtihani wa kumaliza elimu ya msingi uligeuzwa kuwa wa kuchagua jibu na kusiliba herufi, hata katika hisabati, ili usahihishwe kwa mashine. Tulimwambia mwalimu afundishe watoto kueleza walivyofikia jibu, kisha tukatunga karatasi isiyo na mahali pa kueleza. Mwaka huohuo, katika mtihani wa kidato cha nne, zaidi ya asilimia 60 ya watahiniwa walipata daraja sifuri. Nchi ilishtuka, serikali ikaunda tume, na mwaka 2013 matokeo yale yakafutwa na kupangwa upya. Kwa majuma kadhaa lawama ziliwaendea walimu. Ni wachache waliouliza kama karatasi, mtaala na darasa vilikuwa vimewahi kukutana.

Tunachojifunza

Nikiyaweka majaribio haya matatu pamoja, naona kwamba kumweka mwanafunzi katikati si mbinu ya kufundishia tu. Ni mgawanyo wa mamlaka. Ni kukubali kwamba mtoto anaweza kuuliza swali ambalo mwalimu hakulitarajia, na kwamba swali hilo lina haki ya kujibiwa. Kila mara tulipofika hapo tulirudi nyuma. Litowa tuliivunja. Vikundi vya redio viliruhusiwa kuamua juu ya vyoo, mengine yakaamuliwa mahali pengine. Mtaala wa umahiri tuliuachia mwalimu peke yake, huku mtihani, lugha na fimbo vikibaki palepale.

Naam, na fimbo. Kanuni zinazoruhusu adhabu ya viboko shuleni ni za mwaka 1979, na marekebisho ya 2002 yaliweka ukomo wa viboko vinne na kumtaka mkuu wa shule awe ndiye mtoaji au mtoa idhini. Kila aliyesoma nchini anajua umbali uliopo kati ya kanuni hizo na mlingoti wa bendera asubuhi. Siwezi kumwambia mtoto kwamba jibu lake potofu ni hatua ya kujifunza wakati anajua kwamba jibu potofu lina bei yake mwilini.

Kwa watumishi wa serikali wanaosoma hapa, maafisa elimu, wathibiti ubora na wenzetu wa mitaala, ombi langu ni dogo. Kabla ya semina nyingine ya mbinu shirikishi, wekeni mezani karatasi za mitihani ya miaka mitano na mhesabu ni maswali mangapi yanamtaka mwanafunzi atoe hoja yake mwenyewe. Mwalimu huisoma karatasi hiyo kuliko anavyousoma muhtasari, na hafanyi makosa, kwa sababu ndiyo inayotumiwa kumpima yeye na shule yake. Mtaala mpya unaweka mkazo kwenye stadi na mkondo wa amali. Fundi hapimwi kwa kusiliba herufi. Tukikosea hapo, tutakuwa tumefanya jaribio la nne lenye mwisho uleule.

Kwa wanaharakati: madai ya madawati na matundu ya vyoo ni ya haki, endeleeni nayo. Ila ongezeni dai moja, kwamba mabaraza ya wanafunzi yawe na jambo la kweli la kuamua. Waraka wa 1967 uliwapa wanafunzi shamba na mapato yake. Leo shule nyingi huwaachia wanafunzi uchaguzi wa viranja, na hata hapo mwalimu wa nidhamu ana orodha yake.

Kwenu wanafunzi wangu nina maungamo zaidi ya ushauri. Baada ya maneno ya yule kijana, niliondoa mtihani wangu wa kutaja sifa sita. Badala yake niliwataka wanafunzi warudi nyumbani wakati wa likizo, wamhoji mtu mmoja aliyesoma au kukosa kusoma kabla ya mwaka 1980, kisha waandike kurasa tano wakilinganisha simulizi hiyo na yale tunayoyasoma. Kusahihisha kulinichukua wiki saba. Nilicheleweshea idara matokeo na nikaitwa kujieleza. Kazi nyingi zilikuwa za kawaida, kadhaa zilinakiliwa, na wanafunzi kumi na mmoja waliandika barua kulalamika kwamba hawakujua wasome nini. Lakini walikuwepo waliorudi na mambo ambayo mimi, mwenye shahada ya uzamivu, sikuyajua. Mmoja aliandika kwamba nyanya yake, alipoulizwa habari za shule, alilia kwanza, kisha akasema ilikuwa mara ya kwanza kwa msomi yeyote wa familia kumuuliza jambo.

Siwezi kudai kwamba nimepata ufumbuzi. Wiki saba za kusahihisha hazitawezekana idadi ikifika mia sita, na inaelekea huko. Idara inataka matokeo mapema, na ina sababu zake. Mwaka huu nitajaribu kuwagawa katika vikundi vidogo vyenye viongozi kutoka miongoni mwao, kama kile kikundi cha redio cha bibi yangu, na nitakutana na viongozi hao kila Ijumaa. Huenda nikashindwa. Ila nitakaporudi kwenye lile darasa la watu 118 na fomu yangu mkononi, nataka niwe na haki ya kumwambia kijana kwamba makundi yake hayakujadili kitu.